Ufunguo Uko Masama

Nyumba ya Mzee Sirili pale Pasua ina vyumba kumi na viwili, mita moja ya umeme na midomo zaidi ya thelathini. Vyumba sita viko chini, sita viko juu, na katikati kuna korido ndefu ambayo kila mtu anaipita na hakuna anayeifagia kwa hiari. Mwisho wa korido, karibu na ngazi, kuna kabati la mbao lenye kufuli, na ndani yake ndimo ilimo swichi kubwa na nyaya zote za nyumba. Jumatano moja ya mwezi wa saba, saa moja asubuhi, kabati hilo lilitoa mlio mkavu, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua, na nyumba nzima ikazimika.

Watu walitoka milangoni na miswaki midomoni. Mmoja alikuwa ameshika shati la shule lililopigwa pasi upande mmoja tu. Waliangalia nyumba ya jirani wakaona taa ya nje bado inawaka, wakajua kwamba balaa hili ni lao peke yao.

Dainess hakutoka. Alikuwa amepiga magoti chumba namba nne, mbele ya mashine yake ya kutotolesha vifaranga, akiangalia mahali ambapo namba nyekundu za joto zilikuwa zimepotea. Ndani mlikuwa na mayai mia mbili sitini na manne, na siku hiyo ilikuwa ya kumi na saba. Zilibaki siku nne yaanguliwe. Hata moja halikuwa lake. Yote yalikuwa ya Monica wa Chekereni na wanawake wenzake wanaolima mpunga, waliokusanya mayai ya kienyeji nyumba kwa nyumba wiki nzima, wakamletea wakamwambia kwamba wamemwamini yeye. Kifaranga wa siku kumi na saba ameshaota manyoya ndani ya yai, na baridi ikimkaa mwilini, amekwisha. Na Julai ya Moshi mnaijua.

Alivuta mablanketi mawili kitandani akaifunika mashine, akaongeza na kanga zote alizokuwa nazo. Kisha akatoka koridoni kuuliza kuna nini. Huko akakuta kesi imeshasikilizwa na hukumu imeshatoka.

Ni mashine ya mayai, walisema. Nani alianza kusema hakuna anayejua, na neno la namna hiyo halina baba. Mama wa chumba cha saba alikumbuka kwamba tangu mashine hiyo iletwe wakati wa Pasaka, taa zinafifia jioni. Kijana mmoja wa juu alikumbuka kwamba hata redio yake imeanza kukoroma. Dainess akawaeleza taratibu kwamba mashine yake inakula umeme kidogo kuliko pasi, na kwamba muuzaji alimwandikia hivyo kwenye karatasi, anaweza kuileta wakaiona. Hakuna aliyeitaka karatasi. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya chini, ila si chini ya kutosha, kwamba watu wa kuja ndio wanaotuletea mambo.

Mtu wa kuja! Miaka kumi na moja Dainess anaishi Moshi. Alikuja kutoka Kasulu na mumewe Martin, anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini na kulala kambini msimu wote wa kuvuna, na watoto wao wawili wamebatizwa hapa hapa mjini. Lakini neno lile halikumuuma sana kama kimya cha Mwalimu Kalisti. Mwalimu Kalisti ni mstaafu wa shule ya msingi, anakaa chumba namba moja, na ndiye anayekusanya hela za umeme na kuandika mambo ya nyumba kwenye daftari lake la mistari. Akisema neno, watu hukubali. Asubuhi hiyo alisimama na daftari kwapani na hakusema kitu.

Alichofanya Mwalimu ni kupiga simu ya dharura. Watu wa umeme walifika mapema, wakaingiza kipimo chao kwenye mita nje ya ukuta, wakasema kwa adabu kabisa kwamba umeme mpaka kwenye mita upo na hauna tatizo. Kutoka kwenye mita kuingia ndani, hiyo ni mali ya mwenye nyumba na kazi ya fundi wake. Wakajaza fomu, wakaaga, wakaenda zao. Hapo hawakukosea, sheria ndivyo ilivyo.

Basi akapigiwa Mzee Sirili huko kwake Masama, simu ikawekwa sauti kubwa koridoni. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: nani ameunguza? Mkataba wenu, alisema, kifungu cha sita, unasema mpangaji atakayeharibu atatengeneza. Mkishamjua mtu wenu, mniambie. Mpaka hapo kabati halifunguliwi, na ufunguo anao yeye, tangu siku ile mmoja wao alipojiunganishia waya kinyemela. Atakayevunja kufuli ajue amevunja na mkataba. Simu ikakatika, na macho yote yakarudi kwa Dainess.

Alijaribu njia ya mkato. Alivuka barabara mpaka kwa mwenye duka la ng'ambo, mteja wake wa vifaranga, akamwomba aihamishie mashine kwake siku nne tu, umeme atalipa. Mwenye duka alikuna kichwa. Alisema yeye binafsi hana shida, mama, ila amesikia hiyo mashine ndiyo iliyounguza nyumba ya Mzee Sirili, na yeye ana friji mbili pale ndani. Habari ilikuwa imevuka barabara kabla yake. Dainess akashukuru, akarudi.

*

Aliyemfuata chumbani ni Mama Evelyn wa chumba cha tisa, anayesuka na kukausha watu nywele hapo juu. Mama Evelyn ana sauti kubwa na roho kubwa zaidi. Alipenyeza mkono chini ya mablanketi akagusa mayai, akasema bado yana joto, tusilie kabla ya msiba. Kisha akampa ushauri.

Yule mzee wetu, yule meku, alisema, kwa simu humpati. Kwa simu ni mwanasheria, lakini uso kwa uso ni mzee wa watu. Panda Masama mwenyewe, sasa hivi, na usiende mikono mitupu: nenda na isale. Akatoka mpaka kwenye ua wa jirani, akarudi na jani refu la kijani, akalipiga fundo, akamkabidhi.

"Kwetu ukimpelekea mtu isale, hawezi kukukatalia," Mama Evelyn alisema. "Hata awe na hasira za namna gani. Mpe kwa mikono miwili, mwambie shida yako, utarudi na ufunguo."

Nia yake ilikuwa njema, na hilo nitalisema hata mbele ya padre. Lakini Mama Evelyn alizaliwa mjini, akakulia mjini, na isale aliijua kama wengi wetu tunavyokijua Kilatini cha misa: tunajua mahali pa kuitikia, maana yake tumewaachia wenyewe. Alijua kwamba isale haikataliwi. Hakujua, au alishasahau, kwamba isale hubebwa na nani.

Dainess naye angejuaje? Aliliweka jani kwenye mfuko safi, akamwachia Mama Evelyn mayai na mtungi wa gesi wa kuchemshia maji, akaondoka.

*

Masama kulikuwa na ukungu, migomba inadondosha maji. Bodaboda ilimshusha kwenye kijia cha kihamba, shamba la nyumbani la Mzee Sirili, na alimkuta mwenyewe amesimama mbele ya kichanja cha kahawa, ameweka koti kuukuu juu ya sweta, anachambua punje mbovu. Mkewe Mektrida alikuwa ameketi pembeni, anamenya ndizi za mtori. Walimpokea vizuri. Walimpa kigoda, wakamuuliza habari za watoto na za Martin, na Mektrida akasema atamletea chai. Dainess alisema asante mama, ngoja kwanza, akatoa jani mfukoni, akapiga goti na kulinyoosha kwa mikono miwili.

Mzee Sirili aliacha kahawa. Mektrida aliweka kisu chini.

"Nani amekufundisha kubeba hiki?" Mzee aliuliza.

"Nimeambiwa nikija nacho hutanikatalia, baba."

"Ni kweli. Sitakukatalia."

Alifuta mikono yake kwenye koti, akalipokea jani, na uso wake ukalainika kabisa. Siku hizi watu wakikosana wanatumiana ujumbe wa simu, na wengine hata huo hawatumi. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka ishirini tangu mtu amletee isale, na leo ameletewa na mama kijana wa Kasulu. Alimwambia ainuke. Alisema amemsamehe kwa moyo mmoja, yameisha, hatalitaja tena kosa lake mbele ya mtu. Ufunguo atapewa sasa hivi, atafute fundi mzuri, atengeneze alichounguza, na hao vifaranga wakishatoka, mashine aitafutie mahali pengine, kwa usalama wa nyumba.

Dainess alianza kutabasamu katikati ya maneno hayo, na tabasamu likamwishia njiani. Alisema kwa heshima kwamba yeye hakuunguza kitu. Amekuja kuomba ufunguo tu.

"Mwanangu," Mzee Sirili alisema, na alisema bila ukali, "isale haiombi ufunguo. Anayeileta ni yule aliyekosa. Kama hujakosa, chukua jani lako urudi nalo, nami nitaendelea kumsubiri aliyekosa."

Na akamnyooshea jani.

Sasa hapo ndipo penyewe. Mfukoni mwa koti la mzee kulikuwa na ufunguo, na Dainess aliliona umbo lake kwenye kitambaa. Alihesabu. Ilikuwa inakwenda saa sita, mayai yana masaa matano bila umeme. Akilichukua jani atarudi na jina safi na mayai maiti. Akiliacha, mayai yanaweza kupona, lakini atakuwa amekiri mbele ya mke na mume kosa ambalo si lake, atalipia matengenezo, na mashine inayolisha watoto wake itaondoka kwenye nyumba ile. Aliwafikiria wale akina mama wa Chekereni. Mwingine alikuwa na tetea wawili tu, akatoa mayai yote kumi na tatu, hakubakiza hata la kukaangia mtoto.

"Likae, baba," alisema. "Nashukuru kwa kunisamehe."

Kuna watakaosema alikuwa mjinga. Hao hawajawahi kushika yai la mtu mwingine likiwa na uhai ndani.

Mzee akampa ufunguo, na Mektrida akamsindikiza mpaka kwenye njia, akamtwisha chane mbili za ndizi. Walipofika kwenye mfereji, ndipo mama huyo akauliza kama jambo la kupitisha wakati: ile harufu ya kuungua ilianza lini? Dainess akamwambia ukweli, kwamba walianza kuisikia tangu masika ya mwaka jana, kabla mashine haijaja, na kwamba yeye mwenyewe alikwenda kumwambia Mwalimu. Mektrida alimwambia awahi, mayai hayasubiri.

*

Alipofungua mlango wa chumba chake, Dainess alidhani ameingia kwa watu. Sakafuni kulikuwa na chupa za chai saba, kubwa na ndogo, moja ina mfuniko wa kukopa. Mama Evelyn alikuwa amepita mlango hadi mlango. Hakuwabembeleza, alisema tu kwamba anahitaji maji ya moto, na wale wale waliohukumu asubuhi walichemsha kwenye gesi, kwenye mkaa, kwenye mafuta ya taa, wakaleta. Mama wa chumba cha saba alikuwa ameketi kitandani kwa Dainess, anajaza maji kwenye chupa za plastiki na kuzifunga vitambaa. Kijana wa redio inayokoroma alikuwa anazipanga ndani ya mashine, na kipimajoto cha zebaki amekining'iniza kwa uzi. Kilisoma thelathini na sita na nusu.

Ndivyo tulivyo binadamu. Asubuhi tunamsulubisha mtu, mchana tunambebea maji ya moto. Dainess alisimama mlangoni akalia, na hata yeye hakujua kama analia kwa uchungu au kwa shukrani, ila alikuwa anasema asante, asante, na mama wa chumba cha saba akamwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Fundi aliyepatikana alikuwa na kazi Holili, akaahidi kufika kesho yake asubuhi. Basi walipeana zamu mpaka kulipokucha, na joto halikushuka chini ya thelathini na tano. Martin alipopiga simu kutoka kambini na kuelezwa yote, la isale na la maji, alimwambia mkewe kwamba deni la fundi watalibeba pamoja, na awasalimie majirani wote kwa majina.

*

Fundi alikuwa binti anayeitwa Elifuraha, ovaroli imemzidi saizi, mkanda wa vifaa kiunoni. Alikata umeme kwenye mita, akafungua kufuli, akachungulia ndani ya kabati na tochi. Alikaa humo muda mrefu. Korido nzima ilikuwa nyuma yake, hata waliotakiwa kuwa kazini.

Alipotoka alikuwa na kipande cha waya mweusi, urefu wa kiganja. Aliuliza nyumba hii zamani ilikuwa na vyumba vingapi. Mwalimu Kalisti alisema sita, vya juu viliongezwa baadaye. Elifuraha akasema ndiyo maana. Waya mkubwa uliwekwa wa kutosha vyumba sita, na vya juu vilipokuja, mtu hakuleta waya mwingine. Alichuna huu huu, akasokotea wa juu hapo hapo kwa mkono, bila kiunganishi, akazungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli akaufunga fundo. Umekuwa unaungua kidogo kidogo kwa miaka, na jana siku zake zikaisha.

Kijana wa redio aliuliza, kwa hiyo mashine ya mayai haihusiki? Elifuraha akaingia chumba namba nne akasoma kibao nyuma ya mashine. Alisema hiyo ni kama balbu mbili tatu za zamani, pasi moja inaimeza mara tano. Mama Evelyn akasema haraka, kabla hajaulizwa, kwamba basi ni kikaushio chake cha nywele. Elifuraha alimjibu kwamba hapana mama, kikaushio kina haki yake na pasi ina haki yake. Mpangaji anatumia. Waya wa ukutani ni wa mwenye nyumba, na huu ulifungwa vibaya tangu siku ya kwanza.

Mtu mmoja alianza kusema kwamba basi apigiwe mzee alipe, ndipo Dainess alipowaambia kwamba yeye ameshakiri. Aliwasimulia habari ya jani.

"Nani alikupa isale?" Mwalimu Kalisti aliuliza.

Mama Evelyn akasema ni mimi. Mwalimu akamtazama, kisha akaeleza taratibu, kama alivyozoea darasani, kwamba isale hupelekwa na mkosaji kwa mkosewa, na akishaipokea hawezi kukataa kusamehe, ndiyo nguvu yake. Mama Evelyn aliketi kwenye ngazi. Sauti yake yote kubwa ilikuwa imekwisha. Alisema amemfungisha mwenzake kwa mkono wake mwenyewe, na Dainess akaenda kuketi karibu naye akamwambia kwamba bila yeye ufunguo ungekuwa bado Masama.

Mwalimu alikuwa anapekua daftari. Alifika ukurasa wa mwaka jana, mwezi wa nne, akausoma kwa sauti: harufu ya kuungua karibu na ngazi, taarifa imetolewa na Dainess wa chumba namba nne. Akalifunga.

"Daftari hili lilikuwa kwapani mwangu jana asubuhi," alisema. "Nilijua kuna kitu nimeandika, na sikufungua. Niliona aibu kwamba nami sikumfikishia mzee. Dainess, nimekukosea mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu."

Dainess alimwambia yamekwisha, Mwalimu. Elifuraha, ambaye hakuwa na siku nzima, aliuliza nani anampa hela ya waya, na Dainess akaingiza mkono kwenye mkoba. Mwalimu akamzuia. Alisema itatoka kwenye hela ya nyumba, na mwenye nyumba wataongea naye wao, wote kumi na wawili.

Saa nane mchana namba nyekundu zilirudi. Dainess alifunga pazia, akachukua yai moja, akaliwekea tochi chini yake, na wenzake wakasongamana nyuma ya mabega yake. Kwa muda hakukuwa na kitu, weusi tu. Kisha weusi ukajigeuza. Mama wa chumba cha saba alisema Mungu wangu.

*

Mwalimu Kalisti alikifunga kile kipande cha waya kwenye gazeti, akaandika barua ya mistari mitatu isiyo na tusi hata moja, akavituma Masama kwa bodaboda.

Mzee Sirili alifungua gazeti mezani, Mektrida akiwa pembeni yake. Barua hakuimaliza. Aliugeuza ule mpira mweusi, akaliona fundo, na fundo hilo lilikuwa la mtu aliyeendesha malori miaka thelathini na kufunga maturubai kila siku ya Mungu. Mwaka ule wa kuongeza vyumba vya juu, fundi alitaja bei, Mzee akaona anamwibia, akasema waya mimi naweza. Alimwambia mkewe kwamba ni wa muda tu, atarudi kuuweka sawa. Mektrida alikumbuka, na alijua kwamba mumewe naye amekumbuka.

Ijumaa mzee hakula vizuri. Jumamosi alisimama mbele ya kahawa yake bila kuichambua. Mektrida si mtu wa maneno mengi, na siku zote hizo alisema moja tu.

"Umepokea isale ya mtu asiyekukosea," alisema. "Hilo sijui linaondolewa na nini."

*

Jumapili vifaranga walianza kutoka kabla ya misa ya kwanza. Kufikia saa saba mchana walikuwa mia mbili na kitu, wengine bado wanadonoa maganda, na chumba namba nne hakikuwa na pa kukanyaga. Yapo mayai yaliyokufa, tuseme ukweli, karibu arobaini. Dainess alimpigia Monica akamtajia hesabu hiyo bila kupunguza, na Monica akasema mwanangu, hata umeme usingekatika tusingepata wote, nakuja na maboksi. Tangu hapo Dainess alikuwa anapita milango kurudisha chupa za chai, zimeoshwa zinang'aa, na kila mlango alisimama kusema asante yake sawasawa, akawataka waje kuona. Walikuja, na nguo zao za kanisani.

Ndipo Mzee Sirili alipoingia koridoni na mkewe nyuma yake. Alikuwa amevaa koti la misa na kofia ameishika mkononi. Watu walipisha njia. Mwalimu Kalisti akafungua mdomo amwamkie, na wengine nao wakajiandaa, lakini mzee akainua mkono.

"Msinisalimie kwanza," alisema.

Alitembea mpaka mlango namba nne, akasimama mbele ya Dainess. Alikuwa mrefu, na alilazimika kuinama kidogo ili amwone usoni.

"Waya ule niliufunga mimi. Kwa mikono hii. Fundi aliniambia, sikumsikia, na ningeweza kuwaunguza ninyi wote na watoto wenu mkiwa mmelala. Kisha wewe ukaja kwangu na jani, nikakaa kama hakimu, nikakusamehe kosa langu mwenyewe." "Jani sikuja nalo. Kwa kosa hili naona jani halitoshi. Nimekuja na mdomo wangu. Nimekukosea, Dainess. Fundi nitamlipa mimi, waya mpya wa juu nitauweka mimi, na mashine yako haiendi popote."

Korido nzima ilimwangalia Dainess. Mtu wa kuja, tena mwanamke, na mbele yake mzee wa miaka sabini na sita ambaye hakuruhusu asalimiwe. Angeweza kumwacha asimame hapo kidogo. Wapo ambao wangemwacha, nami nisingewalaumu. Lakini yeye alikuwa na usiku mzima wa maji ya moto kifuani mwake, na kwa jinsi alivyojaa shukrani, hasira haikupata pa kukaa.

Alikunja goti, kama alivyofunzwa kwao Kasulu na kama wanavyofunzwa na huku.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Shikamoo."

Mzee Sirili alimshika mkono, akamwinua.

"Marahaba, mwanangu," alisema, kisha akaomba kiti, akaketi hapo hapo mlangoni kwa mpangaji wake.